Nataka kwenda Korea kuangalia pool ya kulipwa: nianzie wapi, na kwa nini meza zao hazina mashimo?

#1 Chaki_Bluu
Habari zenu wakuu. Mwakani napanga kwenda Korea Kusini. Lengo kubwa ni kukaa ukumbini nitazame mashindano ya wachezaji wa kulipwa, siku zitakazobaki nione maisha ya kule. Nimeangalia mechi za ligi yao ya PBA mtandaoni na kuna jambo linanitatiza: meza haina shimo hata moja na mipira ni mitatu tu. Hiyo ndiyo pool yao au kuna nyingine? Nifikie Seoul au mji gani? Na kwa nini nchi nzima iliangukia meza isiyo na mashimo? Naombeni majibu ya wanaojua.

#2 Mzee_wa_Kona
Karibu. Tuanze na jina, maana hapo ndipo wengi hupotea. Wakorea huita michezo yote ya fimbo na mipira "danggu". Ya mashimo wanaiita "poketbol", na hiyo kule ni ndugu mdogo. Unayoiona PBA ni karamu (carom, mchezo wa meza isiyo na mashimo) ya kingo tatu, yaani kuta za pembeni za meza, wao husema "samgu". Mpira wako lazima uguse mipira miwili mingine, na kabla haujaufikia ule wa pili uwe umeshagonga kingo mara tatu au zaidi. Ukigusa wa pili baada ya kingo mbili, hakuna pointi, unakaa.

Meza ni kubwa kuliko zetu: eneo la kuchezea ni mita 2.84 kwa 1.42. Mipira ina kipenyo cha milimita 61.5 na uzito wa gramu 205 hadi 220. Ya pool ya kimataifa ni milimita 57.15, na hii ya meza za sarafu za mitaani kwetu ni inchi 2, yaani kama milimita 51. Chini ya kitambaa kuna bamba la jiwe linalopashwa moto kwa umeme, ili kitambaa kibaki kikavu na mpira ukimbie. Ukiweka kiganja juu ya meza unasikia uvuguvugu.

#3 Tripu_Moja
Mzee wa Kona kaeleza vizuri. Niongeze hesabu ya PBA, maana ni tofauti na ya shirikisho la dunia, UMB. PBA wanacheza kwa seti: wanaume seti ni pointi 15 na seti ya mwisho ya kuamua ni 11. Wanawake, LPBA, seti ni 11 na ya kuamua ni 9. Halafu kuna jambo litakalokuchanganya ukitazama ubao: mpira ukigonga ukingo kwanza kabla ya kugusa mpira wowote na pointi ikapatikana, unahesabiwa 2. Ndiyo maana unaona mchezaji ana njia rahisi mbele yake lakini anaiacha na kuzungukia kingo. Anatafuta mbili.

#4 Dada_Fimbo
Chaki_Bluu, kama unapenda pool yenyewe, mtazame Kim Ga-young. Alikuwa bingwa wa dunia wa mipira 9 kwa wanawake mwaka 2004 na 2006. PBA ilipoanza 2019 akahamia LPBA akaanza upya kwenye meza isiyo na mashimo, na msimu wa 2024–25 akabeba mataji 7 mfululizo. Ukimwona anavyopiga mpira mwembamba, yaani kuugusa pembeni tu, unaujua mkono uliolelewa na mashimo. Cha Yu-ram naye alitoka pool akaja huku.

Mwingine wa kumfuatilia ni Srong Pheavy wa Kambodia. Alikwenda Korea kwa ndoa mwaka 2010 na fimbo akaijulia huko huko. Wanaosema mchezo huu lazima uanze utotoni wamtazame yeye.

#5 Msafiri_wa_Kibiashara
Kuhusu pa kufikia: si Seoul katikati. Mechi nyingi za PBA huchezwa kwenye ukumbi wao wenyewe, PBA Stadium, uliofunguliwa 2023 huko Goyang, upande wa Ilsan, jirani na kituo cha maonyesho cha KINTEX. Goyang ni kaskazini-magharibi ya Seoul. Zamani ulikuwa unapanda treni ya mstari namba 3, ule wa rangi ya chungwa, hadi Daehwa, safari ndefu. Tangu Desemba 2024 kuna treni ya kasi ya GTX-A kutoka kituo cha Seoul hadi KINTEX, ni robo saa na dakika chache. Kutoka uwanja wa ndege wa Incheon pia kuna mabasi yanayokwenda Ilsan moja kwa moja bila kuingia Seoul.

Msimu huanza katikati ya mwaka na kuisha Machi, na mashindano ya dunia ya PBA ya kufungia msimu yamekuwa yakifanyika kisiwa cha Jeju. Huko ni ndege nyingine ya ndani, kwa hiyo tazama ratiba kabla hujalipia hoteli.

#6 Mzee_wa_Kona
Naunga mkono #5 ila kuna kipengele kaacha. Fainali mara nyingi huwekwa usiku kwa ajili ya televisheni, na treni za Seoul hukoma karibu na usiku wa manane. Mechi ya seti 7 ikifika seti ya mwisho, wewe hoteli yako iko Myeongdong, katikati ya Seoul, na treni imekwisha, utalipa teksi ya usiku ambayo nauli yake imeongezwa. Siku ya fainali lala Ilsan.

#7 Nairobi_Breki
Salamu kutoka Nairobi. Swali la viza halijaguswa. Sisi wa pasipoti za Kenya, na ndugu zetu wa Tanzania, hatumo kwenye ile ruhusa ya mtandaoni ya K-ETA. Hiyo ni ya nchi zisizohitaji viza. Tunaomba viza ya muda mfupi, ya matembezi ni C-3-9. Ubalozi wao upo Nairobi, upo Dar, upo Kampala, Kigali na Kinshasa pia. Ada ya kawaida ya kuingia mara moja kwa kukaa chini ya siku 90 ni dola 40.

Kinachokwamisha watu ni barua ya ajira isiyolingana na taarifa ya benki. Mshahara ulioandikwa kwenye barua uonekane ukiingia kwenye akaunti mwezi kwa mwezi. Pesa nyingi iliyotumbukia wiki moja kabla ya maombi inazua maswali kuliko pesa kidogo iliyotulia. Na ratiba ya safari iandikwe siku kwa siku: tarehe za mashindano, ukumbi, hoteli. "Naenda kutalii" peke yake haitoshi.

#8 Chaki_Bluu
Shukrani nyingi #2 hadi #7. Bado lile la meza zisizo na mashimo. Na je, nitawaona wale nyota wa kingo tatu, akina Jaspers na Blomdahl?

#9 Tripu_Moja
Hao hapana, si PBA. Mwaka 2019 PBA ilipoanzishwa, UMB haikuitambua, na wachezaji waliokwenda PBA wakafungiwa mashindano ya UMB. Tangu hapo kuna nyumba mbili. Dick Jaspers, Torbjörn Blomdahl na Marco Zanetti wamebaki UMB. Semih Saygıner na Daniel Sánchez walivuka kwenda PBA 2023. Frédéric Caudron alikuwa PBA tangu mwanzo, akaondoka 2023 huo huo. Hata Wakorea wamegawanyika: Cho Myung-woo, aliyetwaa ubingwa wa dunia 2024 kule Vietnam, ni wa UMB. Ukitaka kumwona Jaspers ndani ya Korea, subiri kombe la dunia la UMB likipangwa Seoul.

#10 Bwana_Historia
Meza zisizo na mashimo ni urithi wa Wajapani. Korea ilitawaliwa na Japani 1910 hadi 1945, na Wajapani wenyewe walikuwa wakicheza karamu. Ushahidi uko kwenye maneno. Ukimsikia mzee wa Kikorea kwenye ukumbi, kuupiga mpira juu ili uendelee mbele anaita "osi", kuupiga chini ili urudi anaita "hikki". Yote ni Kijapani. Vyama vya mchezo vimejaribu kuweka maneno ya Kikorea lakini mtaani yamebaki yale yale.

#11 Dada_Fimbo
Bwana Historia, meza zilikuwa ikulu kabla hazijawa mtaani. Mfalme Sunjong, wa mwisho wa Korea, aliwekewa meza mbili ndani ya kasri la Changdeokgung mwaka 1912. Kasri lenyewe lipo Seoul na linatembelewa. Mtoa mada liweke kwenye ratiba.

#12 Bwana_Historia
1912 ni miaka miwili baada ya Japani kuitwaa nchi. Meza zilipitia mkono gani kufika kasrini? Hoja yangu inasimama.

#13 Kete_Nane
Inasimama kwa mguu mmoja. Taiwan nayo ilitawaliwa na Japani, tena kwa muda mrefu zaidi, 1895 hadi 1945. Mbona Taiwan ni wababe wa pool ya mashimo? Wu Chia-ching alikuwa bingwa wa dunia 2005 akiwa na miaka 16. Ndugu wa familia ya Ko wote ni mashimo. Kama mkoloni ndiye sababu, Taiwan ingekuwa ya kingo tatu.

#14 Mzee_wa_Kona
Mimi nasema ni pesa ya meza. Kule hulipi kwa mchezo kama meza zetu za kutumbukiza sarafu. Unalipia muda, unahesabiwa kila dakika 10, na mila ni kwamba aliyeshindwa ndiye analipia meza. Mchezo wa kingo tatu ni mrefu na hauna bahati ya breki (pigo la kufungua mchezo), kwa hiyo mwenye ukumbi anapata saa nzima ya uhakika na wachezaji wanapata pambano la haki. Kwetu mwenye meza anataka mchezo uishe haraka sarafu nyingine iingie. Meza ndogo, mashimo mapana, dakika 8 imekwisha. Biashara ndiyo huamua mchezo.

#15 Kete_Nane
Manila pia wanalipia muda na ni mashimo matupu. Jaribu tena mzee wangu.

#16 Mzee_wa_Kona
Manila ilitawaliwa na Marekani 1898 hadi 1946, wakaachiwa pool. Unaona sasa umemrudishia Bwana Historia pointi yake mwenyewe?

#17 Profesa_wa_Meza
Nyote mnaruka kitu kinaitwa "sagu". Kabla ya kingo tatu kutawala, Mkorea wa kawaida alicheza mipira minne: miekundu miwili, mweupe na wa njano, kwenye meza ndogo kidogo na mipira mikubwa ya milimita 65.5. Unapata pointi kwa kugonga miekundu yote miwili kwa pigo moja. Ukigusa mpira wa mpinzani unakatwa. Kila mtu ana namba yake ya uwezo: anayeanza 30 au 50, wa kati 150 au 200, hodari 300 na zaidi. Kete za waya ukutani huhesabu kumi kumi, kwa hiyo mwenye 150 anatakiwa kupiga mara 15. Akimaliza zote lazima afunge kwa pigo la kingo tatu. Hapo ndipo siri ilipo: kila mchezo wa mtaani, hata wa anayejifunza, ulimalizikia kingo tatu. Watu walilishwa samgu kidogo kidogo bila kujua.

Namba hizo pia ndizo zinazomruhusu dhaifu kucheza na hodari bila aibu. Wa 80 akicheza na wa 300, mmoja anatafuta pointi 8, mwingine 30.

#18 Bwana_Historia
Hilo la kufunga kwa kingo tatu ni zuri, nalikubali. Ila sagu yenyewe ilitoka wapi? Japani.

#19 Sheria_Kwanza
Kuna kipande cha sheria hamjakitaja. Kumbi za danggu zilikuwa na bango mlangoni la kuzuia walio chini ya miaka 18. Mwaka 1993 Mahakama ya Katiba ya Korea ikasema sharti hilo linakwenda kinyume cha katiba, kwa sababu michezo mingine haikuwekewa katazo kama hilo. Kabla ya hapo ukumbi ulionekana kijiwe cha wahuni. Jambo la pili, Desemba 2017 kuvuta sigara ndani ya kumbi hizo kulipigwa marufuku. Miaka miwili baadaye PBA inazaliwa, na mabenki na kampuni za kadi zinaweka majina yao kwenye timu. Jina la benki halikai kwenye chumba chenye moshi.

#20 Dada_Fimbo
Hiyo inaeleza kwa nini pesa iliingia 2019. Haielezi kwa nini iliingia kwenye kingo tatu badala ya mashimo.

#21 Tripu_Moja
Niongezee jina moja: Sang Lee. Mkorea aliyehamia New York, akatwaa ubingwa wa Marekani mara 12 mfululizo, 1990 hadi 2001, na kombe la dunia 1993. Vijana wa Korea walipata shujaa wa kingo tatu wakati pool haikuwa na wa kulinganishwa naye. Baadaye Choi Sung-won akawa bingwa wa dunia 2014, tena fainali zikiwa Seoul. Nchi hufuata inaposhinda.

#22 Kete_Nane
Na Kim Ga-young 2004 na 2006? Huyo hakuwa shujaa? Kashinda dunia mara mbili kwenye mashimo na nchi haikumfuata, ikabidi yeye aifuate nchi.

#23 Nairobi_Breki
#22 umepiga kona safi.

Turudi kwa mtoa mada kabla hajakosa ndege. Usafiri wa ndani: nunua kadi ya T-money duka la CU au GS25. Kuiongeza pesa, beba noti. Si kila mashine inachukua kadi ya benki ya kigeni. Kwenye basi gusa kadi ukipanda NA ukishuka. Usipogusa ukishuka unapoteza punguzo la kuunganisha, ambalo linataka upande chombo kingine ndani ya dakika 30. Ramani ya Google kule haikuelekezi vizuri kwa miguu. Weka Naver Map au KakaoMap, na Papago ya kutafsiri. Soketi ni za pini mbili za duara, 220V. Chaja yenye pini tatu za mraba za kwetu haiingii.

#24 Msafiri_wa_Kibiashara
Saa pia. Korea iko mbele yetu saa 6. Sasa angalieni uzuri wake kwa anayehesabu saa za Kiswahili: namba inayosomeka kwenye saa ya ukutani Seoul ndiyo saa yetu ya Kiswahili nyumbani. Saa ya kule ikionyesha 3 mchana, Dar ni saa tatu asubuhi. Ikionyesha 9 usiku, Dar na Nairobi ni saa tisa alasiri. Huna haja ya kujumlisha wala kutoa, ukitaka kupiga simu nyumbani tazama ukuta tu.

#25 Chaki_Bluu
Hii ya saa sikuwahi kuisikia. Nimeihakikisha kwenye simu, ni kweli tupu.

Ukumbini adabu ikoje? Na chakula? Mimi sili nguruwe.

#26 Profesa_wa_Meza
Ukumbi wa mashindano: mchezaji akishainama, usisimame wala usipite kwenye mstari wa macho yake, simu iwe kimya na taa ya kamera izimwe. Kwenye ligi ya timu kelele ni nyingi zaidi, wenzake wako benchi wanashangilia, lakini bado kila mtu hunyamaza fimbo ikienda nyuma.

Mtazamaji mgeni hufuatilia mpira wa mpigaji peke yake. Usifanye hivyo. Tazama ule mpira wa kwanza unaogongwa unaelekea wapi. Pigo zuri huharibika katikati kwa sababu mpira huo umezunguka ukarudi kugongana na wa mpigaji. Mabingwa hupiga nene (karibu na katikati ya mpira) au nyembamba (pembeni) kidogo kwa sababu hiyo tu: kuutuma mpira wa kwanza njia nyingine. Ukianza kuona mipira miwili inavyopishana kwa nafasi ya unyayo, ndipo utakapojua unatazama nini.

Na ujue hesabu ya alama za ubavuni. Ubavu mrefu umegawanywa mara 8, mfupi mara 4. Kwa pigo la kawaida la kuzunguka, namba ya unapoanzia, toa namba ya unapotaka ufike ukingo wa tatu, unapata namba ya kulenga ukingo wa kwanza. Ukianzia kona, hiyo ni 50. Unataka kufika 20, lenga 30, kwa mzunguko wa upande unakokwenda. Kitambaa kipya huteleza na kurefusha njia, kwa hiyo mechi za kwanza utaona hata wakubwa wakipitiliza.

Mchezaji akipata pointi ya bahati, huinama kidogo au kuinua mkono kuomba radhi. Ukicheza mtaani fanya vivyo hivyo.

#27 Dada_Fimbo
Chakula: chakula cha ukumbi wa danggu ni jajangmyeon, tambi zenye mchuzi mweusi wa soya, zinaletwa na pikipiki hadi mezani. Mchuzi huo hupikwa na nyama ya nguruwe, hata vipande visipoonekana. Jjamppong ni ya samaki na pweza lakini supu yake mara nyingi ina nguruwe pia. Kwa hiyo usimezee mate harufu. Halali iko Itaewon, Seoul, kuzunguka msikiti mkuu uliofunguliwa 1976: migahawa, bucha na maduka ya viungo.

Mgahawani, vijiti na vijiko hukaa kwenye droo iliyo ubavuni mwa meza, na kengele ya kumwita mhudumu iko juu. Bakshishi haitolewi. Pesa, kadi au glasi mpe mkubwa kwa mikono miwili. Hiyo sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa.

#28 Mzee_wa_Kona
Ukitaka kucheza na si kutazama tu: ingia ukumbi wowote wenye alama ya danggujang, kwa kawaida uko ghorofani au chini ya ardhi. Viatu havivuliwi. Kaunta watakupa mipira kwenye trei, na muda unaanza kuhesabiwa hapo. Kahawa na vinywaji vidogo mara nyingi ni bure. Fimbo za ukumbi ni za karamu: ncha ya milimita 11 hadi 12, mwili mnene unaopungua moja kwa moja. Usitafute kupiga kama unavyopiga meza za kwetu. Mpira wa gramu 210 hausukumwi kwa kiwiko cha haraka. Fimbo iende mbele ndefu, ipite kwenye mpira. Ukipiga kwa kudonoa, mpira unakufa ukingo wa pili.

Poketbol ipo, meza moja au mbili pembeni kwenye baadhi ya kumbi. Uliza kabla ya kupanda ngazi.

#29 Chaki_Bluu
Fimbo yangu nibebe? Ni ya pool, vipande viwili.

#30 Tripu_Moja
Ibebe kama utacheza poketbol tu. Lazima iende kwenye mizigo ya chini, ndani ya ndege hawaruhusu. Fungua kiungio, funika nyuzi za skrubu, weka kwenye mkoba mgumu. Mkoba laini chini ya masanduku ya watu hupinda fimbo na hutagundua hadi uizungushe mezani. Majira ya baridi, Januari na Februari, nje ni chini ya sifuri na ndani kuna joto kavu. Iache kwenye mkoba nusu saa kabla ya kuitoa.

#31 Bwana_Historia
Kete_Nane, nimefikiria Taiwan usiku kucha. Tazama Vietnam: koloni la Wafaransa, na leo Tran Quyet Chien na wenzake ni wa kingo tatu. Ufaransa ni nyumbani kwa karamu. Mkoloni bado yumo.

#32 Kete_Nane
Na Kambodia, koloni lile lile la Ufaransa? Srong Pheavy ilibidi avuke hadi Korea ndipo aishike fimbo. Nipe jibu la hilo.